Nyayo za Malipo: Wachapishaji wa Picha za Unyanyasaji wa Watoto Wanavyosakwa Kuvuka Mipaka

Filamu inayoonyesha mtoto akinyanyaswa kingono hupita mikononi mwa watu watatu. Wa kwanza ni mtenda ukatili mwenyewe, ambaye mara nyingi ni mtu wa karibu na mtoto: mzazi, ndugu, mwalimu, jirani. Wa mwisho ni mtazamaji aliyelipa, au aliyetoa picha nyingine ili apewe hiyo. Katikati yao yuko mchapishaji, yaani anayekusanya, kupanga, kuhifadhi na kusambaza, kwa faida au kwa kutafuta sifa miongoni mwa wenzake. Zamani alikuwa na mtambo wa kuchapa na sanduku la posta. Leo ana seva na jina la uongo. Kwa wapelelezi huyu wa katikati ana thamani kuliko wengine wote, kwa sababu ndiye mwenye daftari. Likifunguliwa, waliomletea mzigo na walioununua huonekana kwa mpigo mmoja.

Watu hao watatu ni nadra kuishi chini ya serikali moja. Mtoto anaweza kuwa kijijini Romania, mchapishaji Canada, mnunuzi Australia, na seva iwe imekodishwa katika nchi ya nne ambako hakuna hata mmoja wao aliyewahi kukanyaga. Polisi wa kila nchi huishia mpakani. Itifaki ya Hiari ya Mkataba wa Haki za Mtoto, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000 na kuanza kutumika Januari 2002, iliyataka mataifa yote yaliyoiridhia yafanye kutengeneza, kuuza na kusambaza picha hizo kuwa jinai. Hata hivyo tafsiri ya kosa hubaki mikononi mwa kila bunge. Japani, kwa mfano, ilipiga marufuku kumiliki tu picha hizo mwaka 2014, miaka mingi baada ya nchi za Magharibi kufanya hivyo. Tofauti za namna hii zina uzito, kwa kuwa nchi nyingi hazimtoi mtuhumiwa kwa kitendo ambacho kwao si kosa.

Ukizipitia kesi kubwa za robo karne iliyopita, jambo moja hujirudia. Mchapishaji anayefanya biashara ni nadra kuumbuliwa na picha zenyewe. Huumbuliwa na namna anavyolipwa. Picha zinaweza kufichwa, kufungwa kwa nywila na kuhamishwa kutoka bara hadi bara kwa dakika chache, lakini fedha lazima ifike mahali ambapo mtu mwenye jina la kweli anaweza kuitoa na kuitumia.

Mwaka 1999 wakaguzi wa posta wa Marekani wakishirikiana na polisi wa Dallas walivamia ofisi za kampuni ya Landslide mjini Fort Worth, Texas. Wenye kampuni, Thomas na Janice Reedy, hawakuwa wakipiga picha. Kazi yao ilikuwa kupokea ada za kadi za benki kwa niaba ya wenye tovuti waliokuwa nje ya nchi, wakiwemo wa Urusi na Indonesia, na kubakiza fungu lao. Hoja kwamba walikuwa makarani wa malipo tu haikuwaokoa. Mwaka 2001 Thomas alihukumiwa kifungo cha miaka 1,335, ambacho baadaye kilipunguzwa hadi 180, na mkewe akapewa miaka 14.

Daftari la Landslide liligawiwa kwa polisi wa nchi nyingi, na Uingereza pekee ilipokea majina zaidi ya 7,000. Hapo ndipo ulipoonekana upande mbaya wa njia hii. Kadi za benki huibwa, na namba zilizoibwa zilikuwa zimetumika kulipia ada kwenye tovuti hizo. Wapo waliofungwa kwa haki na watoto waliookolewa kwa sababu ya orodha ile. Wapo pia waliovunjiwa milango alfajiri, wakapoteza kazi na familia, kisha ikabainika hawakuwa na hatia, na wengine walijiua kabla mashauri yao hayajasikilizwa. Jina kwenye orodha ya malipo linaonyesha kadi iliyotumika. Mkono ulioitumia hutafutwa kwa ushahidi mwingine. Upelelezi wa baadaye ulijifunza kuitumia orodha kama mahali pa kuanzia, na kusubiri kile kitakachokutwa kwenye kompyuta ya mhusika.

Kesi iliyofuata njia hiyo kwa uangalifu zaidi ilianzia Toronto. Oktoba 2010 askari kanzu wa jiji hilo aliyekuwa akijifanya mmoja wa wateja alikutana mtandaoni na mtu aliyekuwa akisambaza picha za watoto. Upelelezi uliwafikisha kwenye kampuni iliyokuwa ikiendeshwa waziwazi, Azov Films, yenye tovuti, bei, na DVD zilizotumwa kwa posta. Mwenye kampuni, Brian Way, aliuza filamu za wavulana wakiwa uchi na kuzitangaza kama filamu za watu wanaoishi bila nguo kwa hiari yao, akiwaambia wateja kwamba ni halali Canada na Marekani. Wavulana wengi walirekodiwa Ulaya Mashariki, hususan Romania na Ukraine. Polisi walisema biashara hiyo, iliyoanza mwaka 2005, ilikuwa imeingiza zaidi ya dola milioni 4 na kupeleka bidhaa katika nchi zaidi ya 90.

Kilichowapa wapelelezi kazi kilikuwa hiyo kauli ya uhalali. Wakaguzi wa posta wa Marekani walinunua filamu kama wateja wa kawaida na kuzipitia moja baada ya nyingine, ili wasije mahakamani na kesi ambayo wakili angeiangusha kwa kusema kwamba uchi pekee si kosa. Mei 2011 nyumba na ofisi zilipekuliwa. Vielelezo vilifika takriban terabaiti 45, pamoja na mitambo ya kuhariri na kunakili filamu, na kumbukumbu za mauzo zenye majina na anwani za waliotumiwa mizigo. Hapa daftari lilikuwa bora kuliko lile la Landslide, maana mtu anaweza kudai kadi yake iliibwa, lakini ni vigumu kueleza kwa nini DVD ilifika nyumbani kwake na yeye akaipokea.

Novemba 2013 polisi wa Toronto walitangaza matokeo ya operesheni hiyo waliyoiita Spade: watu 348 wamekamatwa duniani, 108 kati yao Canada na 76 Marekani, na watoto 386 wameondolewa kwenye hatari. Miongoni mwa waliokamatwa walikuwemo walimu 40, madaktari na wauguzi 9, viongozi wa dini 9, na askari polisi 6. Idadi ya walimu inastahili kutazamwa mara mbili. Watu hao walikuwa wakikaa na watoto kila siku, na baadhi ya wanunuzi walikutwa na picha walizopiga wenyewe. Ndiyo maana polisi hawaikubali hoja kwamba mnunuzi ni mtazamaji tu asiyemgusa mtu.

Majina yalipopelekwa Ujerumani mwishoni mwa 2011, yalichelewa. Orodha ya wateja takriban 800 ilikaa kwa polisi wa shirikisho kwa muda mrefu kabla ya kugawiwa majimboni, na mmoja wa waliotajwa alikuwa ofisa wa polisi hao hao. Kulikuwa pia na jina la mbunge. Hans-Peter Friedrich, aliyekuwa waziri wa mambo ya ndani, alimdokeza kiongozi wa chama cha mbunge huyo kwamba kuna jambo. Siri hiyo ilipofichuka mwaka 2014, Friedrich, ambaye wakati huo alikuwa waziri wa kilimo, alilazimika kujiuzulu. Shauri la mbunge lenyewe lilimalizwa mwaka 2015 bila hukumu, baada ya kulipa euro 5,000. Ujerumani ilikuwa imekwisha kubadili sheria yake Januari mwaka huo ili kuzigusa picha za watoto waliowekwa uchi kwa mikao ya kingono, hata kama hakuna tendo lililorekodiwa. Filamu za aina ya Azov zilikuwa zimepenya kwenye pengo hilo hilo.

Posta na kadi za benki ziliwatisha wachapishaji waliofuata. Walihamia kwenye mtandao wa Tor, ambao huficha anwani ya kompyuta ya anayetembelea na ya anayehifadhi, na wakaanza kulipwa kwa Bitcoin, wakiamini kwamba sarafu hiyo haina jina. Imani hiyo ilikuwa nusu ya ukweli. Bitcoin haiandiki jina, lakini kila muamala wake huandikwa kwenye daftari la hadharani lisilofutika, na mtu yeyote anaweza kulisoma. Mchapishaji aliyekuwa akiogopa daftari lake likamatwe alijikuta akilibandika ukutani dunia nzima ione.

Hilo lilimkuta Jong Woo Son, kijana wa Korea Kusini aliyeendesha tovuti ya Welcome to Video tangu Juni 2015 hadi Machi 2018. Mwanzo wa kesi ulikuwa Uingereza, ambako wapelelezi wa shirika la taifa la kupambana na uhalifu walikuwa wakimfuatilia Matthew Falder, mwanasayansi wa chuo kikuu aliyewatesa na kuwatisha watu kwa njia ya mtandao na ambaye alifungwa mwaka 2018. Katika nyendo zake waligundua tovuti hiyo. Upande wa Marekani kazi ilishikwa na idara ya upelelezi wa jinai ya mamlaka ya kodi. Wengine wanaweza kushangaa watoza kodi wanafanya nini kwenye jalada la ukatili dhidi ya watoto. Jibu ni kwamba hao ndio waliokuwa wamezoea kufuata fedha.

Kila mteja aliyefungua akaunti alipewa anwani yake ya Bitcoin ya kulipia. Wapelelezi, wakitumia programu ya kampuni ya Chainalysis, walianza na anwani chache walizozijua na kufuata mkondo wa sarafu. Nyuma ya malipo kulikuwa na masoko ya kubadilishia sarafu za kidijitali, ambayo kwa mujibu wa sheria za kuzuia utakatishaji fedha huhifadhi nakala za vitambulisho, namba za simu na akaunti za benki za wateja. Hati ya kudai taarifa iliyopelekwa kwenye soko la namna hiyo ilirudi na jina kamili. Mbele ya malipo, sarafu ziliishia kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina la Son.

Kulikuwa pia na uzembe wa kuchekesha, kama si ubaya wa mambo yenyewe. Septemba 2017 ofisa mmoja alifungua msimbo wa ukurasa wa tovuti hiyo, jambo ambalo kivinjari chochote hulifanya kwa kubofya mara mbili tatu, akakuta anwani za IP hazijafichwa. Zilikuwa za kampuni ya simu ya Korea Kusini, zimesajiliwa kwa huduma ya nyumbani kwa Son. Tor yote, majina ya uongo yote, vilikuwa kazi bure. Machi 2018 maofisa wa Korea, Marekani na Uingereza waliingia katika nyumba hiyo na kuikuta seva chumbani mwake. Ilikuwa na takriban terabaiti 8 na video zaidi ya 250,000. Kwenye ukurasa wa kupakia video aliweka onyo kwamba filamu za ngono za watu wazima haziruhusiwi.

Tovuti haikuzimwa siku hiyo kwa kelele. Habari zilifichwa kwa zaidi ya mwaka na nusu ili wateja wasiharibu ushahidi, na majina yakagawiwa nchi kwa nchi. Oktoba 2019, wakati mashtaka yalipotangazwa Washington, watumiaji 337 walikuwa wamekamatwa na kushtakiwa katika nchi 38, zikiwemo Saudi Arabia na Falme za Kiarabu, na watoto wasiopungua 23 waliokuwa wakiendelea kunyanyaswa wameokolewa Marekani, Uingereza na Hispania. Mashtaka yalisema Son alipokea Bitcoin zisizopungua 420 kwa miamala takriban 7,300, zenye thamani ya zaidi ya dola 370,000. Mmoja wa wateja wake alikuwa ajenti wa zamani wa idara ya usalama wa ndani ya Marekani. Alikata rufaa akidai kwamba serikali ilimchungulia bila hati ya upekuzi, na mwaka 2020 mahakama ya rufaa iliamua kwamba mtu hawezi kudai faragha juu ya muamala alioutoa kwenye daftari la hadharani. Hukumu hiyo imewapa wapelelezi wa Marekani msingi imara.

Mambo hayawi hivyo pale ambapo hakuna fedha. Tovuti nyingi za Tor hazitozi chochote. Wanachama hubadilishana picha na kupandishwa cheo kwa wingi wa walichochangia. Playpen ilikuwa ya aina hiyo. Polisi wa nchi ya nje waliona anwani yake ya kweli imevuja wakaiarifu FBI, ambayo iliichukua seva mapema 2015 na kumkamata msimamizi wake, Steven Chase, huko Florida. Alifungwa miaka 30. Lakini daftari la Playpen halikuwa na majina wala malipo, lilikuwa na lakabu tu. FBI ikaamua kuiacha tovuti ifanye kazi kwa siku 13 chini ya usimamizi wake, huku ikipenyeza kwenye kompyuta za waliotembelea programu ya kuripoti anwani zao halisi. Kompyuta zaidi ya 8,000 katika nchi 120 zilitambuliwa kwa hati moja iliyotolewa na hakimu wa Virginia.

Malalamiko yalikuwa mengi, na hayakuwa ya mawakili wa washtakiwa tu. Kwa siku hizo 13 serikali yenyewe ilikuwa mchapishaji, na watoto waliokuwa kwenye picha zile hawakuulizwa. Baadhi ya mahakimu waliona hati ya Virginia haikuwa na nguvu nje ya wilaya yake. Kanuni ya mwenendo wa jinai ilirekebishwa Desemba 2016 ili kuruhusu hati za namna hiyo. Katika shauri moja la jimbo la Washington, waendesha mashtaka waliamua kuifuta kesi kuliko kuufichua mahakamani msimbo wa programu waliyotumia. FBI ilijitetea kwa matokeo: kufikia Mei 2017, watu 350 walikuwa wamekamatwa Marekani na 548 nje, na watoto 296 nje ya Marekani wametambuliwa au kuokolewa. Polisi wa Queensland, Australia, walikwenda mbali zaidi kwa kuiendesha tovuti ya Childs Play kwa takriban miezi 11, jambo ambalo gazeti la VG la Norway lililifichua Oktoba 2017. Hesabu ya watoto waliookolewa ni kubwa, na ni vigumu kuipuuza. Lakini utaratibu unaomruhusu polisi kusambaza kile anachokipiga vita unahitaji hakimu asiye na haraka na muda mfupi uliowekwa kwa maandishi, na miezi 11 si muda mfupi.

Kundi jingine la wachapishaji halijifichi kabisa. Backpage ilikuwa tovuti ya matangazo madogo iliyoanzishwa mwaka 2004 na wamiliki wa magazeti ya mijini Marekani, Michael Lacey na James Larkin, ikaenea hadi nchi kadhaa. Miongoni mwa matangazo ya ngono ya watu wazima yalikuwemo ya wasichana wadogo waliokuwa wakiuzwa na makuwadi wao. Familia zilipoishtaki ziligonga ukuta: sheria ya mawasiliano ya Marekani ya mwaka 1996, kifungu cha 230, inasema kwamba mwenye tovuti asihesabiwe mchapishaji wa maneno yaliyowekwa na mtu mwingine. Mwaka 2016 mahakama ya rufaa ya Boston ilitupilia mbali madai ya wasichana watatu kwa msingi huo, huku majaji wakikiri ugumu wa mazingira ya kesi yao.

Mkuu wa polisi wa wilaya ya Cook, Chicago, alijaribu njia ya mkato mwaka 2015 kwa kuziandikia Visa na Mastercard barua kali, nazo zikaacha kupokea malipo ya Backpage. Mahakama ilimzuia, ikisema ofisa wa serikali hana ruhusa ya kumnyonga mchapishaji kwa kuwatisha wanaomhudumia. Hata hivyo kampuni hizo hazikurudi, na Backpage ikalazimika kutafuta njia za kuzunguka: hundi, sarafu za kidijitali, kampuni zilizosajiliwa kwa majina yasiyohusiana nayo. Kila njia ya kuzunguka iligeuka kuwa ushahidi. Januari 2017 kamati ya Seneti ilionyesha kwamba Backpage ilikuwa ikifuta kwenye matangazo maneno yanayodokeza umri mdogo, kisha kuliacha tangazo lenyewe litoke. Anayefuta neno ili tangazo lipite amekwisha kuwa mhariri.

Aprili 2018 FBI iliifunga tovuti hiyo, na mkurugenzi wake, Carl Ferrer, akakiri makosa. Siku chache baadaye ilitiwa saini Marekani sheria mpya iliyopunguza kinga ya kifungu cha 230. Lakini kesi ya Lacey mwenyewe ilisuasua. Shauri la kwanza lilivunjika mwaka 2021 kwa sababu waendesha mashtaka walizungumzia mno biashara ya watoto wakati mashtaka yenyewe yalihusu kuwezesha ukahaba. Larkin alifariki Julai 2023, kabla ya shauri la pili. Novemba mwaka huo baraza la wazee wa mahakama lilimtia Lacey hatiani kwa kosa moja tu: kuficha fedha kwa kuzihamishia ng'ambo, kwenye benki ya Hungary. Alihukumiwa miaka mitano mwaka 2024. Waliotazamia hukumu juu ya watoto walipata hukumu juu ya hawala ya benki. Na kufungwa kwa tovuti hakukuwa faida tupu. Ofisi ya ukaguzi ya bunge la Marekani iliripoti mwaka 2021 kwamba matangazo yalihamia kwenye tovuti zenye makao nje ya nchi, ambazo hazijibu hati za mahakama, na kwamba sheria mpya ilikuwa karibu haijatumika kabisa.

Baada ya mchapishaji kupatikana, hubaki swali la wapi ashtakiwe. Eric Eoin Marques, aliyekuwa akikodisha nafasi kwa mamia ya tovuti za Tor kupitia huduma iliyoitwa Freedom Hosting, alikamatwa Dublin mwaka 2013. Alipinga kupelekwa Marekani kwa miaka karibu sita, akashindwa, na mwaka 2021 akahukumiwa miaka 27 huko Maryland. Son wa Welcome to Video alikuwa na bahati tofauti. Mahakama ya Korea Kusini ilimpa kwanza kifungo cha nje, kisha mahakama ya rufaa ikampa mwaka mmoja na nusu. Alipomaliza mwaka 2020, Marekani ilitaka apelekwe huko ajibu mashtaka ya utakatishaji fedha, maana kwa makosa mengine alikwisha adhibiwa. Baba yake aliwahi kwenda kwa waendesha mashtaka wa Korea na kumshtaki mwanawe mwenyewe kwa makosa hayo hayo ya fedha, ili asipelekwe. Julai 2020 Mahakama Kuu ya Seoul ilikataa ombi la Marekani, na Son akatoka siku hiyo hiyo. Mamia ya maelfu ya Wakorea walitia saini kumpinga jaji aliyeamua hivyo. Mwaka 2022 Son alipewa miaka miwili kwa kuficha mapato. Huko Marekani kuna waliokuwa wateja wake waliofungwa miaka 15.

Kumfunga mchapishaji hakumtoi mtoto mikononi mwa anayemtesa, na sehemu hii ya kazi hufanyika kimya kimya. Interpol ina hifadhi ya picha iliyozinduliwa mwaka 2009, ambamo wataalamu wa nchi wanachama hulinganisha kuta, mashuka, lebo za vinywaji na sauti za nyuma ya picha ili kujua mtoto yuko wapi. Mwaka huo huo kampuni ya Microsoft na Profesa Hany Farid walitengeneza PhotoDNA, programu inayoipa kila picha alama yake, ili ile iliyokwisha kukamatwa ikipakiwa tena itambuliwe bila binadamu kuitazama upya. Europol nayo tangu 2017 huchapisha vipande vya picha visivyo na mtoto, kama vile mfuko wa duka au nembo ya sare, na kuwaomba wananchi waseme vinatoka wapi. Mfuko wa plastiki unaweza kuonyesha nchi ambayo mamilioni ya miamala yalishindwa kuionyesha.

Afrika Mashariki imo kwenye ramani hii. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya Tanzania ya mwaka 2015 inamlenga moja kwa moja anayechapisha picha za ngono za watoto kwa kompyuta, na kifungo chake hakipungui miaka saba. Sheria ya Kenya ya mwaka 2018 inafikia kifungo cha miaka 25 au faini ya shilingi milioni 20. Polisi wa Kenya wana kitengo maalumu cha kupambana na usafirishaji haramu wa binadamu na kulinda watoto, kilichojengewa uwezo kwa msaada wa Uingereza, na taarifa zinazotoka kwenye kampuni za mitandao ya kijamii za Marekani humfikia mpelelezi wa Nairobi pamoja na anwani na namba ya simu ya mhusika. Malipo ya simu yanayotumika pwani na bara ni nyayo bora kuliko Bitcoin, kwa kuwa laini husajiliwa kwa kitambulisho na kila muamala una saa yake. Kinachokosekana mara nyingi ni wataalamu wa kuchambua vifaa kwa wakati, ili kesi isisubiri hadi mtoto awe mtu mzima.

Sheria hizo hazitofautishi mchapishaji mwenye seva na mtu anayesambaza video kwenye kundi la simu kwa nia ya kuwaonya wazazi wenzake; kwa mujibu wa sheria wote wawili wamesambaza. Anayekutana na picha ya aina hiyo asiitume kwa yeyote. Apige simu ya msaada kwa watoto, namba 116, ambayo ni bure Tanzania, Kenya na Uganda, au aende polisi na kueleza alikoiona.